MAONI: Kuformate diski si kutengeneza kompyuta

Mjini Bukavu, mtu akipeleka kompyuta kwa fundi, iwe Nyawera, Kadutu ao Essence, jibu analopata linajulikana hata kabla mashini haijafunguliwa: tuformate. Diski ya nje ikikataa kufunguka, tuformate. Kompyuta ikikwama katikati ya kuwaka, tuformate. Kuformate ni kusema kufuta diski yote na kuweka mfumo upya kama siku ya kwanza. Saa mbili baadaye kompyuta inawaka, mteja analipa, na wote wawili wanaachana wakiamini kwamba kazi imefanyika.

Kazi haikufanyika. Chanzo cha kosa hakikupatikana, kilifunikwa tu. Na kile kilichofutwa mara nyingi hakirudi. Ni TFC ya mwanafunzi ambaye alibakiza sura moja amalize. Ni hesabu za miaka mitatu za ushirika wa wakulima. Ni orodha ya wagonjwa wa kituo cha afya, ni picha za mzazi ambaye amekwisha kufariki. Vitu hivyo vinapotea kila siku katika mji huu, na mara nyingi havikuwa na lazima ya kupotea. Diski ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni mtu wa kusoma mstari mmoja ambao mashini yenyewe ilikuwa imekwisha kuandika.

Tabia hiyo ni mbaya zaidi hapa kuliko mahali pengine, kwa sababu ya umeme. Bukavu inategemea maji ya mto Ruzizi: kituo cha Ruzizi I, kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II, kilichoanza kazi mwaka 1989 na ambacho Congo inagawana na Rwanda na Burundi kupitia shirika la SINELAC. Wakaaji wanajua namna umeme huo unavyokatika bila kuaga. Kila ukikatika, kompyuta zinazimika zikiwa katikati ya kuandika, na asubuhi yake mafundi wanapokea mashini zinazolalamika. Mji ambao mashini zake zinalalamika hivyo ungepaswa kuwa na mafundi hodari kuliko wengine katika kusoma malalamiko hayo.

Diski inapachikwa namna gani

Ili kuelewa, lazima kuanza na jambo dogo. Diski haitumiki kwa kuchomekwa tu. Ndani ya kila mfumo wa kompyuta kuna kerneli, ni kusema kiini, programu inayosimamia kila kitu: kumbukumbu, klavye, diski, mtandao. Kompyuta nyingi za Bukavu zinatumia Windows. Lakini Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, iko mahali pengi kuliko watu wanavyofikiri. Kerneli yake ndiyo iko ndani ya simu za Android, ndani ya ruta nyingi za intaneti na seva nyingi. Na mafundi wenyewe wanaiwasha kutoka kwenye flashi wakati Windows ya mteja imekufa na wanataka kutoa data.

Kerneli inapopokea diski, inapaswa kuipachika. Mafundi wa hapa wanasema «kumonte». Kupachika ni kuunganisha diski na mahali fulani katika mfumo ili faili zake zionekane. Wakati wa kupachika kunatolewa maagizo, ambayo yanaitwa machaguo. Chaguo «ro» linasema: soma tu, usiandike chochote. Chaguo «rw» linasema: soma na uandike. «nofail» linasema: kama diski hii haiko, endelea kuwaka bila hiyo. «utf8» linasaidia majina ya faili yasomwe pamoja na alama zake, ili neno «Mémoire» lisigeuke «M?moire». Machaguo yanaandikwa kwenye mstari mmoja, yakitenganishwa na koma bila nafasi, mara nyingi katika faili inayoitwa /etc/fstab, ambayo mashini inaisoma kila inapowaka.

Hapo ndipo matatizo mengi yanazaliwa. Herufi moja ikikosewa, ao nafasi ikiingia baada ya koma, agizo halieleweki tena. Kerneli haibahatishi mtu alitaka kusema nini. Inakataa kupachika. Na kama mstari huo hauna «nofail», mifumo mingi ya Linux ya siku hizi inaacha kuwaka kabisa: inasimama kwenye ukurasa mweusi wenye maandishi meupe na kungoja mtu aje kusahihisha. Mwenye mashini anaona ukurasa mweusi, anaogopa, anaipeleka kwa fundi. Fundi anaona ukurasa mweusi, anaformate. Diski nzima inafutwa juu ya herufi moja.

Ujumbe wenye washitakiwa watano

Lazima kusema kweli: mafundi hawana kosa peke yao. Mashini nayo imewadanganya kwa muda mrefu. Programu ya Linux ya kupachika diski, inayoitwa mount, ikishindwa inatoa ujumbe ambao kila fundi ameuona hata kama hakuuelewa. Kwa Kiswahili unasema hivi: aina ya mfumo wa faili si yenyewe, ao chaguo ni baya, ao superbloku ni mbaya, ao kumekosekana ukurasa wa herufi ama programu saidizi, ao ni kosa lingine. Washitakiwa watano katika sentensi moja, na wa mwisho hana hata jina.

Superbloku ni sehemu ya diski inayobeba maelezo yake makuu: ukubwa, aina, mahali vitu vinaanzia. Fundi akisoma «superbloku mbaya», anahukumu kwamba diski imekufa. Lakini mshitakiwa wa pili, yule wa «chaguo baya», yuko palepale katika sentensi hiyohiyo, na mara nyingi ndiye mwenye hatia.

Kwa nini mount haisemi wazi? Kwa sababu, kwa njia ya zamani, kerneli ilijibu kwa namba tu. Mount inaipa kerneli mstari wa machaguo, kerneli inausoma, na kama kuna kitu hakifai inarudisha namba 22, ambayo maana yake ni «agizo halifai». Namba hiyo haisemi ni chaguo gani, wala herufi gani. Mount, ikiwa na namba 22 tu mkononi, inataja wote inaowashuku. Ni kama mtu anayeenda biro kuomba karatasi na kuambiwa «dosye yako haifai», bila kuambiwa ni picha inayokosekana, ni sahihi, ao ni stampu.

Lakini kerneli ina daftari lake. Inaandika humo kwa kirefu kile kilichotokea, na daftari hilo linafunguliwa kwa neno moja: dmesg. Mistari ya mwisho ya daftari hilo mara nyingi inataja jina la diski na jina la chaguo ambalo halikutambuliwa. Mstari huo hauombi mega, hauombi intaneti, hauombi hata dakika moja. Unaomba mtu ausome.

Mfano unaohusu Bukavu moja kwa moja ni diski za nje za Windows, zile za mfumo wa faili unaoitwa NTFS. Umeme ukikatika wakati diski inaandikwa, ao mtu akiichomoa bila kuiaga, diski inabaki na alama ya «chafu», ni kusema: sikufungwa vizuri, nichunguzwe kwanza. Tangu mwaka 2021, toleo la 5.15 la Linux lina programu mpya ya kusoma NTFS, inayoitwa ntfs3. Programu hiyo ikikuta alama ya uchafu, inakataa kupachika diski kwa kuandika, mpaka mtu atoe chaguo «force», ni kusema kulazimisha. Na inarudisha namba gani? Ileile 22. Mount inatoa ileile sentensi yenye washitakiwa watano. Lakini katika dmesg kumeandikwa wazi kwamba diski ni chafu na kwamba chaguo la kulazimisha halikutolewa.

Fundi anayesoma mstari huo anajua la kufanya. Hatalazimisha. Atapachika diski kwa «ro», ni kusema kusoma tu, jambo ambalo ntfs3 haikatai kwa sababu ya alama hiyo. Atanakili faili zote za mteja mahali pengine. Kisha atapeleka diski kwenye Windows na kuichunguza kwa chkdsk. Fundi asiyesoma ataformate. Diski ni ileile na alama ni ileile. Mteja mmoja anarudi nyumbani na faili zake, mwingine anarudi mikono mitupu.

Windows nayo haina usafi katika jambo hili. Ikipewa diski ambayo haielewi, kwa mfano ile iliyotayarishwa kwa Linux, inaweza kumwambia mtu kwamba anapaswa kuformate kabla ya kuitumia. Watu wengi wanaona hilo kama hukumu ya daktari. Maana yake ni kwamba Windows haikutambua kilichomo, basi. Kutokujua kusoma kitabu si sababu ya kukichoma.

Hata mabingwa walikosea kutoa

Kuna wanaofikiri kwamba mambo ya kerneli ni ya watu wa mbali, wenye akili nyingine. Historia ya hivi karibuni inaonyesha kinyume, na inahusu hasahasa kusoma machaguo ya kupachika.

Kwa miaka mingi kila mfumo wa faili ndani ya Linux ulikuwa unasoma mstari wake wa machaguo kwa namna yake. Mwaka 2019, kwa kazi iliyoongozwa na David Howells, kerneli ilipata njia mpya: machaguo yanatolewa moja moja, kila moja linachunguzwa likifika, na kerneli inaweza kujibu kwa maneno, si kwa namba peke yake. Ilikuwa hatua nzuri, na ndiyo dawa ya ule ujumbe wa washitakiwa watano. Lakini mifumo ya faili iliyokuwa haijahamia njia mpya ilihitaji daraja. Kerneli ilikusanya machaguo moja moja na kuyaunganisha tena kuwa mstari mmoja wa kizamani, katika nafasi yenye baiti 4096.

Kabla ya kuongeza chaguo, kerneli ilipaswa kuuliza: nafasi iliyobaki inatosha? Hesabu iliandikwa kwa kutoa: 4096, toa 2 kwa ajili ya koma na alama ya mwisho, toa kile ambacho kimekwisha kujaa. Sasa, kama kimejaa 4095, jibu ni 1 chini ya sifuri. Lakini aina ya namba iliyotumika haijui kwenda chini ya sifuri. Ikifika huko inazunguka na kuwa namba kubwa kupita zote inazoweza kubeba, zaidi ya bilioni 18 mara bilioni. Kerneli ikaona kuna nafasi ya bilioni na mabilioni, wakati gunia lilikuwa limejaa. Ikaendelea kumimina, na data ikamwagika juu ya kumbukumbu ya jirani.

Kosa hilo lilikaa humo tangu toleo la 5.1 la mwaka 2019. Lilipatikana mwanzoni mwa mwaka 2022 na vijana wa kundi linaloitwa Crusaders of Rust, ambao wanashindana katika michezo ya usalama wa kompyuta. Walionyesha kwamba, katika mifumo mingi, mtumiaji wa kawaida angeweza kulitumia kuwa mkuu wa mashini nzima. Google iliwalipa dola 31,337. Kosa likapewa namba CVE-2022-0185 na kusahihishwa Januari mwaka huohuo. Usahihisho wenyewe ulikuwa mdogo sana: badala ya kutoa, kujumlisha. Kile kilichojaa, jumlisha kinachokuja, jumlisha 2. Kama inapita 4096, kataa. Mtoto wa shule ya msingi pale Bagira angeelewa tofauti hiyo akichorewa ubaoni.

Hapo kuna somo kwa tabia ya Bukavu. Je, kuformate kungeponya kosa hilo? Hata kidogo. Mtu angefuta diski, angeweka mfumo uleule, na kosa lingerudi pamoja nao, kwa sababu lilikuwa ndani ya mfumo. Mashini mamilioni duniani zilipona kwa sababu watu walitafuta mpaka wakafika kwenye mstari wenyewe.

Machaguo ya kukopiwa

Kuna hatari nyingine inayogusa Bukavu zaidi: machaguo ambayo mafundi wanakopi kutoka intaneti bila kuuliza yanafanya nini. Moja ni «nobarrier». Diski ina kumbukumbu ndogo ndani yake. Inaweza kusema «nimeandika» wakati data bado iko katika kumbukumbu hiyo. Kwa kawaida kerneli inalazimisha diski iandike kwelikweli katika nyakati muhimu. «nobarrier» inaondoa lazima hiyo ili mashini iende mbio. Mahali ambapo seva ina betri nzuri na umeme haukatiki, mtu anaweza kujitetea kwamba ni sawa. Kuliandika chaguo hilo katika seva ya Bukavu, kisha kungoja umeme ukatike usiku, ni kutafuta msiba kwa mkono wako mwenyewe.

Tena, mambo yanabadilika. Mfumo wa faili unaoitwa XFS uliondoa kabisa machaguo «barrier» na «nobarrier» katika toleo la 4.19 la mwaka 2018. Seva ambayo ilikuwa na neno hilo katika fstab, ikipandishwa toleo, ilikataa kupachika diski yake. Diski haikuwa na ugonjwa wowote. Neno la zamani tu halikueleweka tena. Fundi mwenye tabia ya kuformate angefuta data yote ya seva nzima kwa sababu ya neno lililostaafu.

Na lile «nofail» linalosaidia mashini iwake, nalo lina mtego. Biro inaweza kuwa na diski ya pili kwa ajili ya nakala za kila usiku. Siku moja diski hiyo inakosa kupachikwa, pengine kwa chaguo baya, pengine kwa waya uliolegea. Kwa kuwa kuna «nofail», mashini inawaka vizuri na hakuna anayegundua. Programu ya nakala inaendelea kuandika mahali palepale, lakini sasa nyuma yake hakuna diski ya pili; ni kabrasha tupu katika diski ya kwanza. Kwa miezi, asili na nakala zinakaa katika diski moja. Siku diski hiyo ikifa, vyote vinakwenda pamoja.

Dawa ya mtego huo ni tabia moja: kutoamini kile kilichoandikwa, kuangalia kile kilichokubaliwa. Faili /etc/fstab inaonyesha mtu alitaka nini. Faili /proc/mounts, ao amri findmnt, inaonyesha kerneli imefanya nini. Tofauti kati ya hizo mbili ndipo kosa linapojificha. Wakaaji wa Bukavu wanajua vizuri tofauti kati ya kile kilichoandikwa katika karatasi na kile kinachofanyika barabarani. Wanapaswa tu kuihamisha busara hiyo kwenye kompyuta zao.

Wakati na pesa

Mafundi watajibu kwamba mteja hana subira, na halipi kwa kusoma. Analipa aone mashini inawaka, leo, kabla umeme haujaenda. Ni kweli, na ni sehemu kubwa ya tatizo. Kuformate kuna bei inayojulikana. Kutafuta chanzo hakuna bei, kwa hiyo hakuna anayekufanya. Lakini bei si sheria ya mbinguni. Fundi anaweza kuweka bei mbili: moja ya kuchunguza na kunakili data, nyingine ya kuweka mfumo upya. Mteja mwenye TFC ndani ya diski atalipa ya kwanza bila kusukumwa, akielezwa tofauti. Leo haelezwi.

Watajibu pia kwamba kuna nyakati kuformate ndiyo dawa. Nalo ni kweli. Diski ambayo inaharibika yenyewe inahitaji kubadilishwa, na mashini iliyojaa virusi mara nyingine inahitaji kuanza upya. Lakini hilo ni tendo la mwisho, baada ya kunakili faili na baada ya kujua sababu. Daktari anayekata mguu kabla ya kupima damu haitwi daktari.

Wala kutafuta chanzo hakuchukui muda kama watu wanavyofikiri, kukiwa na njia. Kila toleo jipya la kerneli linabeba mabadiliko zaidi ya 10,000. Wanaoitengeneza, wakitaka kujua ni badiliko gani lililoleta kosa, hawasomi yote. Wanagawa katikati: wanajaribu nusu ya kwanza, kama ni nzima wanakwenda kwenye nusu ya pili, kisha wanagawa tena. Kwa majaribio 14 tu mtu anaweza kupata kosa moja katikati ya mabadiliko 16,000. Fundi wa Kadutu mwenye mstari wa machaguo manane anaweza kufanya vilevile: aondoe manne, apachike kwa «ro», aone. Kwa majaribio matatu, kama kosa ni moja, amelipata.

Vyuo vina deni

Deni kubwa liko kwa vyuo. Bukavu si mji wa watu wasiosoma. Una chuo kikuu cha serikali, una chuo kikuu cha kikatoliki, una ISP na taasisi nyingine za juu, na kila mwaka vijana wanatoka wakiwa na diploma za informatika. Wengi wao wamefundishwa kuchora michoro ya hifadhidata na kuandika programu ndogo kwenye karatasi. Ni wangapi wamewahi kufungua dmesg mbele ya mwalimu?

Somo lenyewe halihitaji pesa za wafadhili. Linux inaruhusu kutengeneza diski ya kujifunzia ndani ya faili ya kawaida ya mega 64, bila kugusa diski ya kweli. Mwanafunzi anaipachika, kisha kwa makusudi anaandika «roo» mahali pa «ro», anaona ujumbe wa washitakiwa watano, anafungua daftari la kerneli na kutafuta mwenye hatia. Anasahihisha, anaangalia /proc/mounts. Hakuna intaneti inayohitajika. Maelezo ya amri mount yanapatikana kwenye mashini kwa kuandika «man mount». Na maandishi ya kerneli yenyewe ni wazi kwa kila mtu duniani kuyasoma, pamoja na ule mstari wa kutoa uliogeuzwa kuwa wa kujumlisha. Mwalimu akikopi maandishi hayo mara moja kwenye flashi, darasa zima linaweza kuyasoma hata siku ambayo mtandao umelala.

Kuna pia ukuta wa lugha. Mashini inalalamika kwa Kiingereza, mwalimu anafundisha kwa Kifaransa, na fundi na mteja wanaongea Kiswahili. Katika safari hiyo ya lugha tatu, maana inaanguka njiani, na «chaguo baya» linafika likiitwa «diski mbaya». Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wangeweza kufanya kazi moja yenye faida: kukusanya jumbe 30 ambazo mafundi wa mji wanakutana nazo mara nyingi, kuzieleza kwa Kiswahili cha hapa, na kuandika pembeni hatua ya kwanza ya kuchukua. Karatasi hiyo ikibandikwa ukutani katika kila duka la ufundi kutoka Panzi mpaka Nguba, itaokoa faili nyingi kuliko mikutano mingi kuhusu teknolojia.

Mpaka siku hiyo ifike, wenye mashini wana silaha moja mkononi, nayo ni maswali. Fundi akisema tuformate, mteja asikubali kabla ya kujibiwa mambo matatu: faili zimenakiliwa wapi? Kerneli, ao Windows, imesema nini kwa maneno yake yenyewe? Na ni kitu gani kitazuia kosa hilohilo lisirudi wiki ijayo? Fundi mwenye majibu anastahili kulipwa vizuri. Asiye nayo amrudishie mteja diski yake jinsi ilivyo, maana diski isiyofunguka leo inaweza kufunguliwa kesho na mwingine, lakini iliyokwisha kuformatiwa ni shida kubwa kuiokoa.